Nukta ya Tatu Juu ya Milima ya Ng'ambo

Mimi ndiye mtu wa kwanza, na kwa ninavyojua ndiye mtu pekee katika mwambao huu, aliyeiona ile nyota yenye mkia. Nasema hivyo bila aibu. Wapo watu wa Ujiji ambao mpaka leo wakiniona napita wanatazama juu kidogo, halafu wanachekeana. Wacheke. Wakati wao walijua kuuza dagaa na kulala, mimi niliyeishia darasa la nne nilikuwa napima mwendo wa kitu ambacho hata wenye vyeti vyao ukutani hawakukiona.

Niliiona kwa sababu ya wizi. Nilikuwa na mitumbwi ya dagaa, na nilikuwa nimeipata kwa nguvu zangu, kwani nilianza na karabai moja ya kuazima. Mitumbwi ikishaongezeka, vijana wanajifunza ujanja: wanauza nusu ya dagaa hukohuko ziwani kabla hawajafika mwaloni, asubuhi wanakuja na nyuso za msiba kukuambia samaki hakuna. Nikanunua darubini ya macho mawili kwa baharia wa meli aliyekuwa anastaafu. Jioni baada ya Magharibi nilipanda kilima cha Bangwe, nikakaa kwenye jiwe langu, nikawatazama. Taa za mitumbwi yangu nilizijua kama mama anavyojua vilio vya watoto wake. Hii utambi wake mpya, hii kioo kimepasuka, hii imepigwa pampu na mvivu. Hakuna mtu Kigoma aliyeijua taa kunishinda, na hilo hata maadui zangu hawabishi.

Jioni moja nikaona taa juu ya milima ya ng'ambo, upande wa Kongo. Juu kabisa, mbinguni. Ilikuwa na ukungu, kama karabai iliyoingia moshi kwenye kioo, na upande wa juu ilikuwa imefifia kwa kurefuka. Niliposhusha darubini, hakuna kitu. Nikiinua, ipo. Jioni ya pili ilikuwepo, lakini imesogea. Nyota hazisogei kati ya wenzao, hilo hata mimi nililijua. Nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akisimulia nyota yenye mkia aliyoiona utotoni mwake.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilikwenda kuwaambia.

Pale barazani kwetu Ujiji, wenye mitumbwi tulikuwa tunakutana alasiri kunywa kahawa. Nikawaambia kuna nyota yenye mkia juu ya Kongo, nami nitawaambia inatoka wapi na inakwenda wapi. Jioni ileile walinifuata Bangwe kundi zima. Nikawapa darubini mmoja mmoja. Mmoja alitazama mwezi mchanga. Mwingine alitazama ziwani akaanza kulalamika kuwa nahodha wake amesinzia. Mzee mmoja mwenye mitumbwi mingi kuliko mimi, ambaye tangu nianze kupata alikuwa hanipendi, alishika darubini kwa muda mrefu, akanirudishia.

"Naona giza," akasema. "Giza zuri sana. Umelinunua ghali?"

"Tazama pembeni kidogo, mzee wangu. Ukiikodolea inapotea."

"Kumbe ni ya kutazamwa pembeni. Kama mke wa mtu."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikawaambia, kwa hasira, kwamba nitawaletea hesabu yake: njia yake ni ipi, na kama itarudi au hairudi, na ikirudi wajukuu wao watanikumbuka. Yule mzee akasema, "Tunasubiri. Usipoleta, baraza hili utakaa mwisho wa jamvi." Ilikuwa utani, lakini si utani. Kwetu pale mtu anakaa kulingana na neno lake, nami nilikuwa nimekaa karibu na birika kwa miaka michache tu.

Basi nikaanza kupima. Nilipima kama tunavyopima ziwani. Mvuvi wa huku akitaka kurudi mahali alipopata samaki, analinganisha kilele cha mlima huu na bonde la mlima ule, na hapotei hata akifumba jicho moja. Nikafanya hivyohivyo. Kila jioni adhana ya Isha ikisikika, nilitazama nyota yangu imesimama juu ya kilele kipi, nikachora kwa mkaa kwenye ubao wa mtumbwi wa zamani. Siku nyingi nilichora. Ubao ukajaa, na mstari ulikuwa mzuri, unashuka kama ngazi. Niliuona nikajua nimemaliza kazi, kilichobaki ni mtu wa kuipigia hesabu tu.

Miaka ile mji ulikuwa umejaa watu kutoka Burundi. Walivuka mpaka kwa miguu, wengine kwa mitumbwi usiku, na walipofika waliwekwa kwenye kituo cha mapokezi kando ya ziwa, wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini upande wa Kasulu. Mimi nilikuwa napeleka dagaa pale kituoni. Nikauliza kama kuna mwalimu wa hesabu. Wakaniletea mtu mrefu, mkavu, amevaa koti la suti juu ya kanga ya mkewe. Alikuwa akifundisha hesabu na sayansi sekondari kwao. Nguo aliacha, lakini ramani ya nyota ya darasani alikimbia nayo, imekunjwa kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, tajiri." Vijana wangu walikuwa wananiita hivyo, naye akalidaka jina hilo.

Nikamweleza. Nikamwonyesha ubao. Aliutazama, akaugeuza, akautazama tena. Akanirudishia.

"Oya," akasema. Kwao hiyo ni hapana. "Hii haifai."

"Haifai vipi?"

"Milima inakwenda na dunia. Anga lote linashuka kidogo kila jioni, hata nyota ambazo hazina habari na yako. Na huyo mwadhini wako, ana saa?"

"Ana saa, lakini anasubiri watu watawadhe."

"Basi umepima mwendo wa dunia na uvivu wa watu kutawadha. Nyota yako hujaipima hata siku moja."

Nilitaka kumpiga kwa ule ubao. Siku zote zile juu ya jiwe, mbu wananila, vijana wangu wanauza dagaa kwa nafasi maana nilikuwa natazama juu badala ya kuwatazama wao. Halafu mtu aliyekuja jana na koti juu ya kanga ananiambia haifai. Lakini nilipofika nyumbani nilifikiri, nikaona ana haki. Mlima ni wa kupimia samaki. Samaki na mlima wote wako duniani.

Nikarudi kesho yake. Akanifundisha, naye hakuwa mpole. Alifundisha kama anayedai. Nyota ipimwe kwa nyota. Alinichorea kwenye boksi la sabuni nyota zilizokuwa karibu nayo, tatu kati ya hizo zimekaa kama mafiga. Kipimo changu kilikuwa duara la darubini yenyewe: kutoka figa la juu mpaka nyota yangu ni duara ngapi, kutoka figa la kulia ni duara ngapi. Tarehe na saa ya mkononi, si adhana. Na mwanga wake ningeupima hivi: nilegeze vioo vya darubini mpaka nyota za kawaida zitawanyike zilingane na ukungu wa ile yangu, kisha niseme inafanana na ipi. Hapo ndipo alipokutana na fundi. Jambo hilo sikuhitaji kurudiwa. Mtu aliyezeeka kwenye karabai humfundishi kulinganisha taa.

"Nukta tatu," akasema. "Niletee nukta tatu nzuri zilizoachana siku za kutosha, nami nitakupa njia yake. Moja ni mahali. Mbili ni mwendo. Tatu ndiyo njia."

Kilichonikera ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuiona. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka kituoni baada ya saa kumi na mbili jioni, na mle ndani kulikuwa na moshi wa mafiga mia na taa kubwa ya jenereta juu ya geti. Kwa hiyo alikuwa anachukua neno langu tu. Nami nikadhani analichukua.

Nukta ya kwanza nilimletea safi, nikamwambia pia kwamba inapanda kaskazini, akaipokea. Siku ya nukta ya pili alinipa boksi akiwa tayari ameweka alama ndogo ya msalaba. "Jioni hii utaikuta hapa," akasema. "Hakikisha tu."

Nikapanda Bangwe. Nikatazama pale penye msalaba. Hakuna. Nikafuta vioo, nikatazama tena. Hakuna. Nikasema imezimika, nimeumbuka. Nilipokuwa nashusha darubini nikaipitia kwa bahati, upande mwingine kabisa, kaskazini ya mafiga, imetulia kama haijui kwamba inatafutwa. Nikapima mara tatu.

Asubuhi nikafika kituoni nikiwa nimevimba. "Mwalimu, hesabu yako mbovu. Ulinielekeza kusini, iko kaskazini. Duara mbili nzima. Sasa nani amepima uvivu wa watu?"

Akanitazama, kisha uso wake ule mkavu ukalegea. "Ego," akasema, ndiyo kwao. "Nilijua iko kaskazini. Uliniambia mwenyewe inapanda kaskazini."

"Sasa msalaba wa nini?"

"Nilitaka kuona kama utaniletea msalaba wangu."

Nilipoelewa, damu ilinipanda. "Yaani ulinijaribu? Mimi? Mtu mwenye mitumbwi yake na nyumba ya bati unanipa mtihani kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Tajiri, kwetu nimeona wanafunzi wengi wanamletea mwalimu kile mwalimu anachotaka. Wewe hukuniletea. Sasa nakuamini. Kaa chini."

Sikukaa. Niliondoka bila kuaga. Lakini njia nzima kutoka pale mpaka Ujiji nilikuwa natembea kifua mbele, maana katika mji mzima alikuwepo mtu mmoja aliyejua kwamba nyota ile ipo, na alijua kwa sababu yangu.

Ikabaki nukta ya tatu, na hapo ndipo shida zilipojipanga. Kwanza ulikuja mwezi. Mbalamwezi ikiwaka huoni kitu hafifu, anga lote linakuwa maziwa. Nikasubiri. Mbalamwezi ni mapumziko ya wavuvi vilevile, maana dagaa hawafuati taa mwezi ukiwepo. Mitumbwi yote imelala mchangani. Mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka, giza likarudi, na giza liliporudi wavuvi wote wa Kigoma wakarudi ziwani kwa pamoja. Giza nililolihitaji mimi ndilo walilolihitaji wao. Nyota yangu nayo ilikuwa imeshuka, karibu na milima sasa, na chini yake ziwa zima linawaka karabai kama mji. Mwanga ule unapanda kwenye ukungu na moshi wa mbuga zinazochomwa, unakaa hapohapo ninapotaka kutazama. Jioni tatu nilirudi mikono mitupu. Na kituoni walikuwa wameanza kuandikisha watu wa malori.

Nikaenda barazani. Nilijishusha, jambo ambalo si tabia yangu. Nikawaomba wenzangu jioni moja tu wachelewe kuwasha mpaka saa mbili.

"Ili?" akauliza yule mzee.

"Ili nimalize hesabu niliyowaahidi."

"Dagaa watakula nini wakitusubiri?"

"Saa moja tu, mzee."

"Sisi tuzime taa ili wewe uone taa." Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Tajiri anaomba ziwa lizimwe. Kesho ataomba jua lisogee, anataka kuanika."

Hakuna aliyekubali. Mmoja aliyekuwa na huruma aliniambia pembeni nipumzike, kwamba kazi nyingi inachanganya kichwa.

Nikasema vizuri. Kama taa zimekaa mbele yangu, mimi nitapita mbele ya taa. Jioni iliyofuata nilichukua mtumbwi wangu wenye injini, nikamwambia nahodha tunakwenda magharibi, kuvuka kundi la wavuvi wote, bila kuwasha karabai hata moja. Nahodha wangu alikuwa Muha wa Ilagala, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyapata.

"Tajiri, miaka hii? Mtumbwi hauna taa, unaelekea Kongo? Doria wakitukuta watasema tumebeba bunduki. Wezi wakitukuta watasema tumebeba mali. Sisi tutasema tumebeba nini?"

"Darubini."

"Basi niandikie, niwasomee kabla hawajapiga."

Lakini alikwenda. Tulipita katikati ya taa, wavuvi wanatuita wanauliza tumepatwa na nini, hatujibu. Tulipoziacha nyuma, nikamwambia azime injini. Mbele yetu giza, milima ya ng'ambo kama ukuta, na juu yake nyota safi ambazo sikuwa nimeziona tangu mwezi uingie. Nikainua darubini, na mbingu ikaanza kucheza. Sikuwa nimefikiria mawimbi. Mimi, mtu wa ziwa, sikuwa nimefikiria mawimbi. Kila nyota ilichora kamba. Nikalala chali kwenye nyavu, nikaegemeza viwiko kwenye mbao, nahodha akanishika miguu kama anayemzuia mgonjwa, na hapo, kwa muda mfupi mfupi kati ya wimbi na wimbi, nikaipata. Ilikuwa pembeni ya ile nyota nyekundu ambayo mwalimu aliichora kwenye boksi, duara moja kasoro kidogo, upande wa chini. Nikalegeza vioo. Mwanga umepungua. Ile nyota niliyoifananisha nayo mwanzo sasa ilikuwa inaishinda mbali.

"Unaiona?" akauliza nahodha.

"Naiona."

"Haya. Mimi namuona mtu amelala juu ya nyavu kavu."

Turudi, akasema, na tukarudi bila dagaa hata mmoja.

Asubuhi nilikwenda kituoni na saa na kipimo kichwani. Mlinzi wa getini akaniambia malori yameondoka alfajiri. Mwalimu yumo malorini. Boksi la sabuni limo, maana alikuwa halitoi mkononi.

Nilipanda pikipiki ya jirani nikashika barabara ya Kasulu. Niliyakuta Kidahwe, yamesimama, lori moja limepasuka gurudumu. Nilipita nikitazama juu ya kila lori, watu wamebanana na masufuria na magodoro, mpaka nikamuona, koti lilelile, mtoto amelala begani kwake.

"Mwalimu. Nimeipata."

Hakusalimia. Alitoa boksi, akamkabidhi mkewe mtoto, akachukua kalamu. "Sema."

Nikasema. Saa, nyota nyekundu, duara moja kasoro, chini. Akaweka nukta. Akauliza kuhusu mwanga, nikamwambia umepungua sana.

"Inaondoka basi. Jua imeshalipita. Ulipimia wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa mtumbwini. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeonja chumvi imezidi. Lori likawashwa. Akasema atapiga hesabu kambini, atanitumia neno. Nikabaki barabarani na vumbi lao.

Neno lilikuja baada ya wiki kadhaa, kwa dereva wa lori la maharage. Alikuwa amekaririshwa, na alilisema huku ametazama juu asipoteze kitu. "Mwalimu anasema hivi. Nukta ya tatu ikiwa pale ulipoisema, njia haifungi. Nyota imepita mara moja, hairudi. Lakini ukiisogeza kidogo tu, upana wa nusu ya mwezi, kuelekea ile nyota nyekundu, njia inafunga, na itarudi wakati wajukuu wako ni wazee. Anasema mtumbwi unaweza kukosea kiasi hicho. Anauliza, una hakika?"

Nilimwacha dereva amesimama. Nusu ya mwezi. Wajukuu wa kila mtu pale barazani wangetazama Kongo jioni moja, wangeiona, wangesema babu yetu alimcheka bure yule bwana. Nilichotakiwa kufanya ni kusema labda. Mawimbi yalikuwepo kweli, nahodha ni shahidi.

Lakini nilikuwa nimeiona. Kati ya wimbi na wimbi ilikuwa pale, na macho yangu katika jambo la taa hayajawahi kunidanganya.

"Mwambie nina hakika," nikasema.

"Basi hairudi?"

"Hairudi."

Alasiri nilikwenda barazani. Walikuwepo wote. Nikasimama, nikawaeleza njia yake yote, ilivyotoka kusini ya mafiga, ilivyopanda kaskazini, ilivyolipita jua, ilivyofifia, na kwamba imekwenda moja kwa moja, haitaonekana tena na mtu yeyote. Walinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Yule mzee akanywa kahawa yake, akaweka kikombe chini taratibu.

"Haitaonekana tena," akasema.

"Haitaonekana."

"Kwa hiyo hakuna wa kukubishia."

"Na hakuna wa kunisadiki."

"Sasa hapo," akasema, akiwaangalia wenzake, "ndipo mtu anapojua umefanya hesabu kwa akili."

Walicheka sana. Mmoja wao akanivutia jamvi kwa mguu, kule mwisho, nikakaa, na birika lilipofika kwangu lilikuwa limebaki mashapo.